Mkutubi wa Eldoret Aliyekataa Kufungua Sanduku

Saa mbili na robo asubuhi, Maximilla Nabalayo anapangusa vumbi la mahindi kwenye meza za maktaba ya umma mjini Eldoret. "Kule mashambani Soy wanapura mahindi, huku sisi tunapangusa," anasema akicheka.

Kisha anavuta sanduku la kadi za vitabu vilivyoazimwa. Kila kitabu kinaporudi, huichomoa kadi yenye jina la msomaji na kuitenga na ya kitabu. Nani alisoma nini, hakuna atakayejua tena.

Sanduku hilo nusura limpokonye kazi mwezi Machi.

Mzee Lusweti, fundi wa baiskeli kutoka Kapseret, aliingia akipunga kadi ya kijani ya uanachama wa maktaba aliyoikuta kwenye aproni ya mkewe, Nasambu.

"Madam, fungua hiyo sanduku. Nataka kujua bibi yangu anasoma nini."

"Hiyo siwezi, Mzee."

"Mimi ndio nilimuoa!"

"Ulioa yeye, Mzee. Hukuoa kadi yake."

Wasomaji waliangua kicheko. Lusweti akatoka amefura, moja kwa moja hadi ofisi ya wasimamizi wa maktaba kushtaki. Kabla ya jioni Maximilla alikuwa na barua mkononi: aeleze kwa nini amemdharau mwananchi. Mkataba wake, ambao ni wa mwaka mmoja mmoja, ulikuwa umebakisha wiki tatu, na nyumbani ana watoto watatu wanaomtegemea yeye tu.

"Ningetaja jina la kitabu, mambo yangeisha," anakumbuka, sauti ikishuka. "Lakini yule mama aliniamini."

Alifika mbele ya kamati ya wasimamizi na kijitabu cha kanuni za chama cha wakutubi, kilichochakaa kwa kukunjwa. Okello, katibu wa chama hicho mjini, aliketi kando yake. Maximilla alisoma mstari mmoja: siri ya msomaji ni ya msomaji. Si ya mume, akaongeza mwenyewe, si ya mchungaji, si ya chifu. Mkataba ukaongezwa.

Mwandishi wa gazeti hili naye aliuliza Nasambu anasoma nini.

"Hata wewe?" alijibu Maximilla, akafunga sanduku.

Sasa anazitafsiri kanuni hizo kwa Kiswahili na Kibukusu, azibandike mlangoni, kila aingiaye ajue haki yake.

Wiki iliyopita Lusweti alirudi. Aliinama kwenye meza, akanong'ona kwamba anataka kadi yake mwenyewe.

"Na bibi yangu akikuja kuuliza?"

"Nitamfukuza vile nilikufukuza, Mzee."

Lusweti akavuta kiti.

"Basi niandike."