Laptop iliyokula paa la nyumba

Saa tisa alasiri. Ukumbini maharusi wanalishana keki, vigelegele havikatiki, na mpiga muziki amefungulia spika mpaka sahani zinatetemeka mezani. Nyuma ya jiko la ukumbi, katika stoo ya viti vya plastiki, mwanamke mmoja amekalia kreti la soda lililopinduliwa, hana habari na keki. Macho yote yako kwenye laptop.

"Wao wako kwenye keki, mimi hapa wameshaingia, wameshavishana pete, na babu wa upande wa kiumeni ameshasinzia," anasema bila kugeuka. "Hicho kipande cha babu sikitoi hata kwa dawa. Harusi isiyo na wa kusinzia si harusi."

Mtaani anaitwa Mama Mabati. Ni fundi wa video za sherehe. Mdogo wake wa kike ndiye anayezunguka na kamera, na kila baada ya muda anakuja mbio kuleta kadi ya kamera iliyojaa picha. Yeye anakata, anaunga, anatia muziki. Sifa yake kubwa ni moja: wageni wanaiona filamu ya harusi kabla hawajaondoka ukumbini.

Lakini leo si kazi ya kawaida. Bibi harusi ni binti wa kaka yake mkubwa, kaka yule yule aliyempa jina la Mama Mabati, na hakumpa kwa mapenzi. Hawajasemezana mwaka wa pili huu. Kazi hii ameipata kwa sababu binti aligoma: bila shangazi, hakuna video.

"Mashine ikinigomea leo, nimekwisha," anasema. "Atakuwa na la kusema mpaka kaburini."

Ugomvi wao ulianzia kwenye laptop hii hii. Bei yake ingetosha kuezeka nyumba nzima ya mama yao, fundi akalipwa na chenji ikabaki.

Kabla yake alikuwa na ya mtumba, aliyoinunua kwa bei ya kutupa. Rahisi ghali, walisema wahenga, lakini yeye aliona wahenga hawakuwa na shida zake. Mashine ilinguruma kama inasaga mahindi, kisha ikazima. Harusi moja ilimchukua hata miezi mitatu.

"Kuna bibi harusi nilimpelekea video yake, nikamkuta na tumbo hili hapa," anasema akionyesha kwa mkono. "Akaniambia, 'Dada, si ungesubiri tu uunganishe na ya mtoto?'"

Anacheka peke yake, kisha kicheko kinakatika.

Wakati huo hata kadi za kamera alikuwa anakodi. Jumamosi moja mwenye kadi alizihitaji jioni ile ile, kwa hiyo akafanya wanavyofanya mafundi wengi wasio na kadi zao: akahamishia picha zote kwenye laptop, akafuta kadi, akazirudisha. Jumatatu laptop haikuwaka. Fundi wa kompyuta aliifungua, akaichunguza, akaifunga tena taratibu. Hakukuwa na cha kuokoa.

Wenye harusi walikubali kurudia sherehe ili ipigwe picha upya. Suti ikaazimwa upya, keki ikaokwa upya. Siku ilipofika, bwana harusi akakaa kwenye ngazi na suti yake, hakunyanyuka.

"Bibi yake alicheza siku ile ya kwanza, fimbo juu, watu wote wamemwachia uwanja. Haikupita wiki, wakamzika." Mikono yake imeacha kibodi. "Yule kijana akaniambia, 'Keki utaipata, dada. Bibi yangu utampata wapi?' Nililia njia nzima kurudi nyumbani."

Pesa ya mabati ilikuwepo. Ilikuwa jasho lake mwenyewe la miaka minne, lakini alikuwa ameiahidi mbele ya familia. Nyumba ya mama ilivuja kila chumba, na kaka, ambaye ni mwashi, alikuwa ameshaziba nyufa za kuta na kupanga mbao za paa. Siku ya kikao cha familia dada mtu akaingia na boksi, akaliweka katikati ya mkeka.

"Kaka akauliza, 'Hiki ndicho cha kuezekea? Mvua ikinyesha, mama ajifunike laptop?' Akaondoka bila kugusa chai. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na jina langu jipya."

Mwingine angehama mtaa. Yeye alimwita mchora mabango, akaandikiwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu: MAMA MABATI, VIDEO ZA SHEREHE, na namba ya simu chini yake.

"Wakinisema, waseme huku wanaiona namba ya simu," anasema.

Na mama mwenyewe, aliyekuwa analala na ndoo pembeni ya kitanda? "Mama alisema, 'Ndoo na mimi tumeshazoeana. Wewe nenda kafanye kazi.'"

Zamani harusi mbili kwa mwezi zilikuwa neema. Sasa hazipungui sita, na kwa kila moja analipwa karibu mara mbili ya zamani, kwa kuwa hakuna anayesubiri. Vyumba viwili vya mama vimeshaezekwa. Sebule bado. Kaka hakukanyaga paa lile, ikabidi aletwe fundi wa kukodi.

Anayekuja kumwomba ushauri hamdanganyi. "Kama unataka kuandika barua na kuangalia filamu, usinunue ya bei hii. Utakuwa umenunua trekta la kulimia bustani ya vitunguu. Na hata ya ghali inakufa, tusidanganyane. Ndiyo maana siku hizi kadi ni zangu, na sifuti kitu mpaka mwenye harusi amepokea mzigo wake. Lakini kama ndiyo jembe lako, nunua. Wanaokusema hawatakuja kukulimia."

Umeme unakatika. Ukumbi mzima unaguna, muziki unakufa katikati. Stoo imekuwa giza, isipokuwa uso wa Mama Mabati, unaomulikwa na kioo cha laptop. Hata hajainua kichwa. Ile ya mtumba, bila waya ukutani, isingefika dakika tano.

Jenereta linapowaka, filamu iko tayari. Inaonyeshwa kwenye ukuta mweupe wa ukumbi: maharusi wanaingia, babu anasinzia, watu wanapiga meza kwa kucheka. Kisha anatokea mama yao, amemshika kaka mtu kwa tai, anamvuta katikati kucheza. Kiatu kinamchomoka mguuni. Hakiokoti, anaendelea na kimoja. Ukumbi unalipuka kwa vigelegele.

Baadaye kidogo mwanamume mnene mwenye tai iliyopinda anasimama mlango wa stoo.

"Shikamoo, kaka."

Marahaba inachelewa, lakini inakuja. "Pale kwenye filamu, kiatu cha mama kilipotoka," anasema, "watu walisimama mbele yangu. Sikuona vizuri."

Mama Mabati anasogeza kreti la pili kwa mguu. Kaka haketi.

"Sebule ya mama unaezeka lini?"

"Msimu huu wa harusi ukiisha. Halafu nanunua laptop ya pili, mdogo wetu naye aanze kukata. Bei ile ile, kaka. Ukitaka kuniita Mama Mabati Mara Mbili, niite. Bango lina nafasi."

Kaka anautazama mlango, kisha dari, kisha kreti. "Misumari naleta mimi," anasema. "Na asipande tena fundi wa kukodi kwenye paa la mama."

Hakuna aliyeomba radhi, na hakuna aliyeidai. Kaka anaketi, kreti linalia. Dada anarudisha filamu nyuma mpaka kwenye tai, mama anatokea, kiatu kinaruka.

"Rudisha tena," anasema kaka.