Mlingoti Ulioshikwa kwa Shaba

Wenye umri wangu waliokulia Likasi watanisadiki nikisema kwamba hatukuhitaji saa. King'ora cha kiwanda kilituamsha, kikatupeleka shuleni, kikaturudisha kwenye bukari, ugali wetu, na bitoyo, samaki wakavu wa chumvi. Moshi ulituwasha koo, nasi tukadhani ndivyo hewa ilivyo kila mahali. Shaba ilikuwa kila pembe. Vipande vya waya wake vilikuwa bangili zetu, magari yetu ya kuchezea, kulabu za kutundikia sufuria. Kitu kikivunjika, kilifungwa kwa shaba. Imani hiyo ndiyo iliyotufikisha majini.

Baba yangu alikuwa fundi umeme kiwandani na mpiga gitaa wa kwaya ya parokia. Sijui nani alimwambia kwamba sifa hizo mbili zinatosha kumfanya nahodha. Klabu ya wafanyakazi ilikuwa na kibanda kando ya ziwa la bwawa la umeme, na humo mlikuwa na mashua ndogo ya tanga iliyoachwa na mhandisi mmoja Mzungu aliyerudi kwao. Sekretari wa klabu alitaka kuipasua kuni. Papa, ndivyo nilivyomwita baba, akaomba muda, wakapatana: siku ya sikukuu ya wafanyakazi mashua iende hadi kwenye kisiwa kidogo na kurudi. Ikirudi salama, ni ya Papa. Isiporudi, ni kuni.

“Bantu ba mawe,” mama alisema akichambua mchicha wa lenga-lenga, “banatafuta nini mu mayi?”

Basi kila Jumapili baada ya misa tulipanda lori la kwenda ziwani, Papa na mimi. Mlingoti wa mashua ulishikiliwa na nyaya tatu, mmoja mbele na mmoja kila ubavu. Za ubavuni zisipokazwa sawasawa, mlingoti huinama kama mlevi. Papa aliteremsha timazi kutoka kileleni, akafumba jicho moja, akazungusha skrubu ya chini nusu mzunguko, akarudi nyuma kutazama. Kisha mpiga gitaa akamshinda fundi umeme. Aligonga waya wa kushoto kwa ukucha, akagonga wa kulia, kulinganisha sauti zao.

“Sikia, mutoto. Iko moya?”

“Hapana, Papa. Ya kuume iko chini.”

“Weye iko na masikio ya muchawi.”

Nilikuwa na miaka kumi. Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo, hata nikiiweka pamoja na diploma yangu ya chuo kikuu, ambayo mama aliitia fremu na kuitundika mahali pasipo na mwanga.

Wiki mbili kabla ya sikukuu waya wa kulia, wa chuma, ulikatika kwa kutu. Papa akaleta wa shaba, mnene, unaong'aa.

“Shaba haishikake kutu,” alimweleza sekretari.

“Na nguvu yake?”

“Nguvu? Hii muji yote inasimama juu ya shaba!”

Waliokuwepo walicheka, na hakuna aliyeuliza tena. Nani Likasi angeisema vibaya shaba?

Siku yenyewe nilivaa gauni la Pasaka. Darasa zima nilikuwa nimeshalitangazia kwamba nitavuka ziwa, na wasichana walikuwa wamekuja, miguu majini, kuona kama mwenye majigambo atavuka kweli. Asubuhi tulikaza nyaya hadi zikalia sauti moja. “Ikishuka, hata kidogo, uniambie,” Papa alisema. “Tutakaza upya.” Akaenda kusalimia watu waliokuwa wakinywa munkoyo, kinywaji cha mahindi.

Tanga lilikuwa limeshapandishwa, upepo unalivuta. Nikagonga wa kushoto, nikagonga wa kulia. Wa kulia ulikuwa umeshuka. Nikarudia, ukawa umeshuka zaidi. Kukaza upya kungechukua saa nzima, sekretari alikuwa akitazama saa yake, na wasichana walikuwa wakinitazama mimi. Papa akarudi.

“Iko moya?”

“Iko moya, Papa.”

Tulifika karibu nusu ya njia. Upepo ulitupiga kutoka kulia, waya wa shaba ukarefuka, na mlingoti ukainama kushoto taratibu, kwa adabu, kama mzee anayesinzia misani. Kisha ukaanguka wote, na kitako chake kikapasua mbao za chini. Wavuvi wa mitumbwi walituokota. Wasichana walicheka muhula mzima. Sekretari alikwenda kuchukua shoka.

Papa aliupima ule waya, akaona ulivyorefuka, akauviringisha. Halafu akaniuliza polepole:

“Ulisikiaka?”

Nikatazama viatu vyangu, ingawa kimoja kilikuwa kimebaki ziwani. “Nilisikia.”

“Minye nilidanganywa na shaba,” alisema. “Weye, nani alikudanganya?”

Hakuniuliza tena. Waya aliufunga uani kati ya nguzo mbili, mama akapata kamba ya kuanikia nguo. Kwa miaka mingi Papa alipopita aliugonga kwa ukucha, akanitazama, akaendelea na safari yake.

Siku hizi king'ora kimenyamaza, na shaba hailali nje hata usiku mmoja. Kabla mtoto hajawaza bangili, imeshauzwa. Mwanangu hukaza gitaa lake kwa simu inayosikiliza na kupima noti, masikio yake ameyaachia kazi ya kubeba nyaya za muziki. Mwaka huu tulipomtembelea bibi yake nilimwambia aisikilizishe simu ule waya. Ikatafuta noti, ikatafuta.

“Mama, inasema ni chini sana.”

“Acheni waya yangu, iko na manguo!” bibi alifoka kutoka jikoni.

Kijana akaingia ndani. Papa hayupo tena miaka kadhaa sasa. Nikasogeza shuka lililolowa, nikagonga waya kwa ukucha, nikangoja hadi ukanyamaza.

“Papa,” nikasema, “imeshuka.”