Sulait na Boila ya Kinu cha Mafuta

Sulait alikuwa fundi wa redio kutoka Wanale, karibu na mji wa Mbale. Mwaka 1987, vita vilipopungua, aliitwa Jinja kufufua kompyuta ndogo iliyosimamia joto la boila kwenye kinu cha mafuta ya pamba. Waporaji walibeba hata vitasa vya milango. Kompyuta waliiacha, ila kanda za maagizo yake zilipotea.

Kumbukumbu ya mashine ilikuwa finyu, basi akaitungia lugha ndogo kwa mfano wa ile iitwayo Forth. Humo neno jipya hujengwa kwa maneno ambayo mashine imekwisha fundishwa. Alifundisha KIKOMO, yaani joto la mwisho. Kisha WASHA, lenye KIKOMO ndani yake. Miezi mitano alipunguza, akaandika upya, akaenda kuswali, akarudi.

Bwana Wamboga, msimamizi, hakumficha. "Majaribio yakishindwa, hii chuma nauza, na wewe rudi kwa redio zako."

Siku mbili kabla ya majaribio, iligundulika boila imechakaa, joto lishushwe. Kuandika yote upya ni nusu siku, na umeme wa wakati ule ungeweza kukatika kabla hajahifadhi kazi kwenye kanda. Sulait akaona afundishe KIKOMO peke yake, mara ya pili, kwa namba ndogo. Akaiuliza mashine, ikajibu namba mpya. Akamshukuru Mungu, akaenda kulala.

Asubuhi ya majaribio Nulu, mama wa zamu, aliandika WASHA. Sindano ya kipimo cha joto ikapanda, ikapita alama ya kikomo kipya.

"Fundi, hii kitu yako haisikii!"

"Inasikia, mama."

"Inasikia nani? Shetani?" Nulu akafunga dizeli kwa mkono.

Wamboga alikwisha shika spana aing'oe kompyuta.

"Bwana, nipe mpaka alasiri," Sulait akasema.

Alikaa mbele ya daftari lake, na kosa likaonekana. WASHA lilifundishwa zamani, likashika KIKOMO cha zamani, na kile kipya halikukijua kabisa. Akafuta yote kuanzia KIKOMO, akaandika tena kwa mpangilio. Umeme haukukatika, alhamdulillahi. Mwisho akaongeza jambo moja: jina likirudiwa, mashine itangulie kusema, "Hili lipo."

Nulu akawasha. Sindano ikapanda, ikatulia kwenye alama.

Wamboga akaweka spana chini. "Mfundishe huyu mama yote," alisema. "Mimi sitaki kukufuata Mbale kila boila ikikohoa."

"Mimi darasa la nne, bwana!" Nulu akasema.

Sulait akamsogezea kiti.