Mbingu Katika Mitutu Miwili

Fransiska alipoolewa alijua anaolewa na mkulima wa mahindi na ulezi. Kwamba ndani ya nyumba kulikuwa na bunduki, hakuna aliyemtajia. Aliiona siku ya nne ya ndoa, imelazwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na ufunguo wake ulikuwa shingoni mwa Gaudensi, kwenye uzi mmoja na msalaba. Ilikuwa ya mitutu miwili, aina ile inayokunjika katikati mtu anapotia au kutoa risasi. Baba mkwe ndiye aliyeiacha, na Gaudensi alihangaika na ofisi zote zilizohitajika mpaka kibali kikaandikwa jina lake. Kijiji chao kiko juu, kwenye barabara ya kwenda Kaoze kabla haijaanza kuteremka bondeni, na nguruwe pori wakiingia mashambani ni yeye aliyeitwa. Afisa wanyamapori alimfahamu kwa jina.

Basi siku hiyo ya nne akamwambia mkewe avae viatu waende wakafanye kazi. Fransiska alidhani ni kazi ya kubeba nyama. Walipofika kwenye mfereji wa kwanza, Gaudensi alisimama, akaelekeza mitutu upande usio na mtu, akaikunja bunduki, akatoa risasi zote mbili na kuzitia mfukoni. Kisha akamwinulia aangalie kwa nyuma, pale risasi zinapoingilia.

"Unaona nini?"

"Naona mbingu," alisema Fransiska, kwa kuwa ndicho alichokiona: viduara viwili vya bluu, kila kimoja kama kifungo cha shati.

"Haya. Sasa tunaweza kuvuka."

Fransiska akatangulia, akapokea bunduki ikiwa bado imekunjwa, kitako mbele, ndipo mumewe naye akavuka. Tangu siku hiyo imepita miaka thelathini na minne, na hapakuwa na mfereji, kijito, uzio wala mlango wa nyumba ambao Gaudensi aliupita na bunduki bila kuikunja na kuuliza swali lile. Watu walimcheka sana. Vijana wa bodaboda wakimwona anapita kijiweni walimpigia kelele, "Shikamoo mzee, mbingu bado ipo?" naye aliwajibu kwamba ipo, waje waione. Wanaume waliowahi kufuatana naye kuwinda walichoka mmoja mmoja, maana mwendo wa saa moja kwake ulikuwa wa saa mbili. Walimwambia ajali haina kinga. Msemo huo ulimkera kuliko hata nguruwe. Alisema kinga ipo, tatizo watu ni wavivu wa kujikinga.

Alikuwa na sababu yake. Mwenzake wa kwanza wa mawindo alikuwa Kasimiri, mdogo wake wa tumbo moja. Mwaka mmoja kabla ya harusi walikuwa wakivuka mfereji, bunduki iko mikononi mwa Kasimiri. Gaudensi akamwuliza, "Umetoa risasi?" Kasimiri akajibu, "Nimetoa." Wala hakudanganya, aliamini kabisa kwamba ametoa. Aliruka, akateleza kwenye tope, kijiti kikanasa kifyatulio, na mguu wake wa kushoto ukaishia pale. Leo ni fundi viatu huko Majengo, Sumbawanga, mcheshi kuliko watu wenye miguu miwili, na hulalamika kwamba hapa duniani anapunjwa kitu kimoja tu, viatu, maana analipia viwili na kuvaa kimoja.

Gaudensi hakuwahi kumlaumu mdogo wake. Alijilaumu mwenyewe, kwamba aliuliza kwa mdomo akajibiwa kwa mdomo, akaridhika. Kuanzia hapo hakutaka tena kuambiwa. Alitaka mtu aone.

Sasa, kuna jambo ambalo wale waliomcheka hawakulijua. Nyumbani Gaudensi alikuwa mtu wa maneno manane kwa siku, na matatu kati ya hayo yalihusu chumvi. Porini alikuwa mtu mwingine kabisa. Akitembea polepole, mitutu ikiangalia chini, mkewe hatua tatu nyuma yake upande wa kitako, ulimi ulimfunguka. Alimweleza habari za marehemu mama yake, na ndege gani analia wapi, na jinsi anavyomkumbuka Rozina, binti yao wa kwanza, aliye mwuguzi Mpanda. Fransiska alizaa na mwanamume huyu watoto watano, lakini ungemwuliza ni lini hasa alijisikia mke wa mtu, angekutajia zile asubuhi za umande, nguo imelowa mpaka magotini.

Ndiyo maana macho yalipoanza kumsaliti hakusema.

Mwaka wa kwanza alilaumu taa. Mwaka wa pili alilaumu ulezi wa msimu ule kwa kuwa na mawe mengi, ingawa mawe yalikuwa yaleyale, ila yeye ndiye hakuyaona wakati wa kupeta na kuchambua. Moyoni alijua. Mama yake mzazi alikufa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Kwenye mitutu, vile viduara vya bluu viligeuka kwanza kama maziwa, kisha vikawa mwanga tu usio na umbo, na hatimaye Fransiska akaacha hata kujisumbua kutafuta. "Naona mbingu" yalimtoka yenyewe, kama mtu anavyoitikia Amina huku anawaza mboga aliyoacha jikoni. Alijifariji kwamba Gaudensi hajawahi kusahau risasi hata mara moja, kwa hiyo jibu lake ni desturi tu, halina kazi. Akimwambia, sanduku litafungwa, na maneno yatarudi kuwa manane. Akajiombea msimu mmoja tu. Ulipopita, akajiombea mwingine.

Mwezi wa tano mwaka jana alikuja Limbu. Huyu ni Msukuma aliyepanda kutoka bondeni na ng'ombe wake miaka mitatu iliyopita, akapata shamba ng'ambo ya kijito, mtu mpole mwenye sauti kubwa. Nguruwe walikuwa wamemaliza robo ya mahindi yake. Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijachomoza, Gaudensi na Fransiska walikuwa wameketi ukingoni mwa shamba lile, Limbu pembeni yao, bunduki ina risasi mbili, na baridi ya Ufipa inawatafuna masikio. Nguruwe walisikika wakikoroma kwenye majani, upepo ukageuka, wakanusa watu, wakaenda zao.

Jua lilipotoka Limbu akasema basi, twendeni nyumbani tukanywe uji. Kati ya shamba na nyumba kulikuwa na mfereji. Gaudensi, vidole vimekufa ganzi, akaikunja bunduki, akatoa risasi, akatia mfukoni, huku akimwonyesha Limbu kwa kidevu njia waliyopita nguruwe.

"Unaona nini, mama Rozina?"

"Naona mbingu."

Wakavuka. Ng'ambo Gaudensi akaifunga bunduki, wakateremka hadi uani, ambako watoto wa Limbu walitoka mbio kuja kuwapokea. Kabula, mke wa Limbu, alikuja na kibuyu cha uji, akapiga goti kusalimia. Alikuwa amesikia habari za swali lile, kama walivyosikia wote. Gaudensi alipofika mlangoni akaikunja tena bunduki, na Kabula akasema, "Baba, leo na mimi nione hiyo mbingu."

Gaudensi alifurahi. Mtu kuomba mwenyewe, hilo lilikuwa halijatokea. Akamwinulia. Kabula akafumba jicho moja.

"Mtutu huu naona mbingu," alisema. "Huu mwingine sioni. Una kitu cha njano."

Gaudensi aliichomoa ile risasi kwa kucha, akaishika kiganjani na kuitazama. Njia nzima mitutu ilikuwa imeelekea ardhini, na tabia hiyo nyingine ndiyo iliyowafanya watoto wa Limbu waendelee kuruka ruka pale uani bila kujua lolote.

"Limbu, mwanangu," alisema, "unisamehe. Mikono yangu imeisha. Nilidhani nimetoa mbili. Bunduki hii naipeleka kituoni wiki hii, na sitairudia tena."

Aliyasema kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia kumtaja Kasimiri. Fransiska aliijua vizuri sana. Na alijua pia kwamba akinyamaza, habari itaishia hapohapo: mzee kazeeka, kasahau, watu watamhurumia, na yeye hakuna atakayemwuliza kitu mpaka anaingia kaburini.

"Baba Rozina," alisema. "Tatizo si mikono yako. Mimi mbingu sijaiona huu mwaka wa pili."

Limbu akakumbuka ghafla kwamba kuna ndama hajafunguliwa. Kabula akakumbuka ndama huyohuyo, akawakusanya watoto, wakaondoka wote. Wenye adabu hawafundishwi.

Gaudensi alikaa kwenye kigogo. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefunga sanduku. Na wewe ukifunga sanduku huongei. Mimi nitaongea na nani?"

Gaudensi aliizungusha risasi kiganjani. "Kasimiri aliniambia ametoa," alisema. "Akili za kuambiwa. Nikaapa sitaambiwa tena. Kumbe nimeambiwa miaka miwili mizima, na mke wangu."

Fransiska alilia, na hakujifuta.

"Na mimi nina langu," Gaudensi akaendelea, safari hii akitazama chini. "Nilipokuwa nikikuuliza, sikuwa naangalia mitutu. Nilikuwa nakuangalia wewe. Ukifumba jicho moja unakunja pua hivi. Tangu siku ile ya kwanza. Kwa hiyo tulikuwa wawili, na hakuna aliyekuwa anaangalia."

Tusidanganyane, alikasirika. Njia nzima ya kurudi aliibeba bunduki imekunjwa, tupu, juu ya mkono wake, na mbele yao kulikuwa na mifereji mitatu. Kwenye kila mmoja alisimama, akaikagua mwenyewe, akavuka. Hakuuliza kitu. Fransiska alikuwa radhi atukanwe kuliko kunyimwa swali lile.

Jumatatu walipanda basi la asubuhi kwenda Sumbawanga, bunduki imefungwa ndani ya gunia, risasi kwenye mfuko wa peke yake mapajani mwa Gaudensi. Aliikabidhi polisi waitunze, akapewa karatasi. Kisha, bila kumwambia mkewe wanakwenda wapi, akamwongoza mpaka kwenye foleni ya kliniki ya macho. Walifikia kwa Kasimiri, Majengo. Aliposimuliwa mkasa wote, Kasimiri alikipangusa kiatu ambacho tayari kilikuwa safi. Halafu akasema, "Shemeji, karibu chama cha waliojibu bila kuangalia. Ila wewe umeingia kwa bei nafuu."

Jicho la kulia lilipasuliwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi mwuguzi aliondoa bandeji, akamwambia Fransiska akae kwenye benchi la ukumbini atulie kwanza. Gaudensi alikuja kukaa karibu yake. Alikuwa hajasema maneno manane tangu Jumatatu. Aliichukua kadi ya kliniki, akaizungusha ikawa bomba, akamwinulia mbele ya lile jicho, wagonjwa wote wanawatazama.

"Unaona nini?"

"Naona mb…" ulimi ulishaanza. Fransiska akaukamata. Akaangalia kweli, akichukua muda wake. "Naona dari. Lina doa la mvua, na buibui. Pale pembeni naona mzee hajanyoa siku tatu, na analia."

"Silii."

"Umeuliza naona nini."

Jicho la pili lilipasuliwa mwezi wa nane, na mwaka huu mahindi ya Limbu yalipokomaa Gaudensi alikwenda kuichukua bunduki. Kuna sheria mpya. Neno mbingu limepigwa marufuku, kwa sababu linatoka bila kuangalia. Mtu anataja kitu anachokiona siku hiyo, na kisiwe kile cha jana. Vijana wa bodaboda wamepewa habari hiyo na wanacheka upya.

Asubuhi ya kwanza, kwenye ule mfereji wa Limbu, Gaudensi alitoa risasi, akazihesabu kwa sauti, moja, mbili, akazitia mfukoni. Akainua bunduki.

"Unaona nini, mama Rozina?"

Fransiska alifumba jicho, akakunja pua. "Mtutu wa kushoto naona wingu. Wa kulia naona mwewe. Ngoja, ametoka."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Njoo uone mwenyewe."

Gaudensi akainama, shavu likagusana na la mkewe, kila mmoja na mtutu wake, wakachungulia mpaka mwewe akarudi. Ndipo wakavuka.