Waya Uliopaswa Kulegea

Shemeji yangu Faradji ana ugonjwa mmoja: hawezi kuvumilia kitu kilicholegea. Kamba ya mbuzi ataikaza mpaka mbuzi alie. Basi kampuni ya machimbo ilipomwajiri alinde nyaya zake kilimani Lusangi, ilijipatia mtu hasa wa kuiharibia kazi.

Injenia Jean-Baptiste alimweleza taratibu, kama tunavyoelezwa siku zote. Ndani ya waya mna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga. Udongo ukiuvuta au kuubana, mwanga hubadilika. Joto likipanda, hubadilika vilevile, na kioo hakisemi ni lipi kati ya hayo. Ndiyo maana waya wa kwanza ulizikwa, ukashikwa na udongo. Wa pili ukaachwa umelegea ndani ya bomba, usikie joto tu. Mashine inayosoma nyaya hulipunguza joto hilo kwenye hesabu ya waya wa kwanza, kinachobaki ni mwendo wa kilima. Faradji aliitikia kwa kichwa. Kuitikia anajua sana.

Injenia alipoondoka tu, bwana akauchomoa waya wa pili, akauzika kando ya mwenzake na kuushindilia kwa mchi. Eti watu wamesoma mpaka wamesahau kumaliza kazi!

Mvua za Novemba zikaja. Chini ya kilima, ukuta wa nyumba yake ukapasuka, mlango ukagoma kufunga. Dada yangu Safia, mkewe, mimba ya miezi minane, akaogopa. Majirani wakasema hawahami mpaka mashine iseme. Faradji akapiga simu.

"Courbe, ule mustari ya mashine, iko muzuri, papa," injenia akajibu. "Kilima iko fasi yake."

Muzuri kweli! Nyaya mbili zikivutwa pamoja, toa moja kwenye nyingine, unapata sifuri, na sifuri humfurahisha sana mtu anayelala mbali.

Faradji akaukumbuka mchi wake. Akisema, kazi imekwenda. Akinyamaza, mkewe na majirani wanalala pale. Mficha uchi hazai.

"Injenia, ule fil ya pili, ni mimi nilizika."

Sauti ya injenia ikapasuka: "Tosha watu wote mu nyumba! Sasa hivi!"

Nyumba nane zikatoka huku mvua ikinyesha, zikimtukana Faradji. Kesho yake asubuhi kilima kikateremka, kikakilalia kitanda cha Safia.

Barua ya kumfukuza Faradji ilimkuta kwangu Kasongo, amembeba mtoto mchanga. Sababu: uzembe. Nimemcheka mtu huyu miaka yote, lakini siku ile nilikasirika. Safia aliichukua barua, akaisoma mara mbili, akaigeuza nyuma.

"Hawakuandika kama tuko wazima," akasema.