Macho Yaliyonisitiri

Macho yangu yalianza kuvuja muda mfupi baada ya kuolewa mjini Muyinga. Njia za kupitisha machozi puani zilikuwa zimeziba, basi yakawa yanashuka mashavuni tu, nikicheka, nikipika, nikipima vitenge dukani. Wateja walinipa pole za bure. Mama mkwe alichukia sana, akisema mji mzima utadhani wananitesa.

Na walikuwa wananitesa. Sikupata mtoto, na haukupita mlo bila mama mkwe kuniuliza nakula kwa ajili ya nani chakula chote kile. Hapo ndipo ugonjwa uliponifaa. Nililia mbele yake, nikalia kweli kweli, naye akawageukia wageni kuwaeleza kuwa ni macho tu. Hakuwahi kujua ni lini maneno yake yamenipata. Ilikuwa raha yangu pekee katika nyumba ile, maana mume wangu alikuwa safarini Tanzania siku zote na mizigo yake.

Kumbe mama mkwe alichoka kubahatisha. Aliposikia kwamba hospitalini Gitega wanazibua njia hizo bila kupasua uso, alinipeleka mwenyewe. Daktari alipitisha waya mwembamba kwenye kitundu cha kona ya kila jicho hadi puani, akaacha vimrija laini ili njia zisizibe tena. Miezi kadhaa baadaye tulirudi, akavivuta kupitia puani, nikapiga chafya, basi. Akasema nimepona kabisa. Mama mkwe akamwomba arudie maneno hayo, kama mteja anayehakikisha kitenge hakichuji.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na furaha ya kijinga. Niliangalia milima bila kujifuta.

Nyumbani tulimkuta mume wangu amepakata mtoto wa kama mwaka mmoja, mwenye kidevu chake kile kile. Hakuniangalia. Mama mkwe alimchukua mtoto, akaniwekea mapajani, akasema huyu ni wa mwanawe, mama yake ameolewa kwingine, na nitamlea mimi kwa kuwa sina wangu wa kunishughulisha. Alikuwa anajua muda wote. Alingoja nipone kwanza.

Niliuma ulimi hadi nikaonja damu. Machozi yakaja tu, kwenye macho yote mawili.

“Dokteri alisema macho yako imepona,” mama mkwe alisema taratibu. “Sasa we, hii maji iko ya nini?”

Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, akaniangalia mpaka yalipokwisha.