Waya Aliouchomoa Fundi Bene

Fundi Benedikto alikuwa haamini kitu mpaka akisikie kwa masikio yake, na pwani ya Msasani walimpendea hilo. Ukimpelekea mashine kuukuu ya boti isiyochaji betri, atasugua kutu, atakaza nyaya, ataiwasha. Halafu, ikiwa inaunguruma, atachukua spana afungue waya wa betri na kuuchomoa mbele ya macho yako. Mashine isipozima, anatabasamu. Anakuambia inajitegemea hiyo, nenda zako baharini.

Ujuzi huo aliutoa kwenye magari mabovu ya gereji moja huko kwao Mtwara. Alipohamia Mbagala na kuanza kushughulika na mashine za boti, alikuja nao vilevile. Nani angemwambia kwamba boti si gari? Watu walikuwa wanajaa kutazama, eti fundi anafanya maajabu.

Mwinjuma naye alifanyiwa hivyo hivyo asubuhi aliyoondoka. Alikuwa nahodha wa boti ya Mehdi, akifuata samaki kwa wavuvi wa mbali na kuwaleta sokoni. Kamba ya kuvutia mashine ile ilishakatika siku nyingi, kwa hiyo bila betri haiwaki hata uiombe. Mwinjuma alicheka, akapandisha sauti ya redio yake inayotumia betri ya boti, akaenda. Boti ilikutwa imepanda mwamba, ndani yake kuna vipande vya wavu vilivyokatwa kwa kisu. Ilionekana wavu ulinasa kwenye panga linalosukuma boti, Mwinjuma akazima mashine autoe, na mashine haikuwaka tena. Mwili wake uliokotwa Bunju.

Basi watu wakapata la kusema. Redio! Kila mtu redio. Mwinjuma kaifungulia redio kutwa nzima, kamaliza betri, kajiua mwenyewe kwa kupenda muziki. Walisema msibani, tena ubwabwa ukiwa mdomoni. Benedikto alipoulizwa alijibu kwamba mashine aliipima mbele yao wote, na hakuna aliyembishia. Mama yake Mwinjuma, bi Somoe, anayekaanga samaki pale pale ufukweni, aliyasikia yote. Tangu siku hiyo nyumbani kwake redio haikuwashwa.

Mehdi aliileta mashine ifufuliwe. Benedikto akakuta kile kisanduku kidogo kinachopeleka chaji kwenye betri kimeungua. Akashukuru Mungu, akasema ni maji ya chumvi tu. Akafunga kipya, akaazima mita ya kupimia umeme, akawasha. Mita ikapanda vizuri hadi volti kumi na nne, chaji inaingia. Basi mkono, kwa mazoea yake, ukafuata spana. Akachomoa waya. Mashine ikaendelea kuunguruma, akatabasamu, akaurudisha waya.

Mita ikashuka, ikakaa volti kumi na mbili, chaji haiingii tena. Akaongeza mafuta, wapi. Akafungua, na kisanduku kipya kilikuwa kinanuka moshi.

Hapo ndipo akili ilipomfungukia, na bora isingefunguka. Mashine ile inajitengenezea cheche yenyewe. Ikishawaka, hata betri ukiitupa baharini itaunguruma tu, ila umeme uliokosa betri ya kuingia unaunguza kisanduku. Miaka yote hiyo alikuwa hapimi kitu. Alichokuwa anafanya ni kuunguza visanduku vya chaji vya watu, kisha anawaaga kwa tabasamu. Mwinjuma alitoka hapa na mashine inayokula betri bila kurudisha chochote, na yeye ndiye aliyeiua. Kisha Benedikto akanunua kisanduku kingine, akakifunga, asimwambie mtu. Aliogopa, hakuna jina lingine la kuliita jambo lile.

Ikafika siku ya boti kurudi kazini. Nahodha mpya ni Farhan, mdogo wake Mwinjuma, mtoto pekee aliyebaki kwa bi Somoe. Watu walijaa, na mama mtu akaacha kikaango chake akaja kusimama mbele. Benedikto aliwaonyesha mita, inasoma vizuri kabisa. Farhan akatikisa kichwa.

"Mita mie siielewi, fundi. Chomoa waya kama ulivyomfanyia braza, roho yangu itulie."

Wenzake wakaitikia, achomoe. Spana ilikuwa mkononi. Angechomoa, wangempigia makofi, na Farhan angeondoka na mashine ile ile iliyomuua kaka yake. Asipochomoa, atasema nini?

"Sichomoi," alisema.

Bi Somoe akamtazama. "Kwa Mwinjuma mbona ulichomoa?"

"Nilichomoa, mama. Kuchomoa kule ndiko kunakounguza chaji. Redio haikumuua mwanao. Nimemuua mie."

Mashine iliendelea kuunguruma. Mehdi aliangalia chini. Farhan alimshika fundi shati, mama yake akamtoa mkono.

"Umejua lini?" akauliza bi Somoe.

"Wiki iliyopita."

"Wiki nzima," alisema bi Somoe, "unawasikia wakimcheka mwanangu na redio yake. Na jana umekula samaki wangu."

Bi Somoe aliuliza mara moja tu kama mashine hii sasa inachaji kweli, akaambiwa inachaji. Alimgeukia Farhan, akamwambia aende, samaki wa watu wataoza. Farhan alikataa mwanzoni, mama akamsisitizia, akaenda.

Kisha bi Somoe akaburuta kigoda, akakiweka kando ya kikaango chake.

"Kaa hapa, fundi. Huendi Mbagala. Utakaa na mie mpaka arudi."

Alikaa, spana bado mkononi. Mashine ilizidi kwenda mbali, na yeye akaisikiliza mpaka masikio yake yakawa hayasikii tena kitu. Bi Somoe aligeuza samaki.